Siku Tuliyokwenda Kumwona Zuhura

Harufu ya maganda ya korosho yakiungua haipendezi. Inawasha koo, inatia machozi, na ikishaingia kwenye nguo haitoki mpaka ufue mara mbili. Jirani yangu hapa Mbagala huchoma korosho uani kwake siku za Jumamosi, juu ya bati la debe, na majirani wengine hufunga madirisha huku wakinung'unika. Mie hufungua la kwangu. Nasimama pale naivuta, macho yananiwasha, na kila mara najikuta nina miaka saba, nimekaa juu ya godoro nyuma ya kigari cha mizigo, na kichwani nina swali moja tu: huyo Zuhura anafananaje?

Tulikuwa tukiishi Manzese, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, kwenye nyumba ya wapangaji sita wenye ua mmoja na bomba moja. Mabasi ya mwendokasi yalikuwa hayajaja. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na vitanda vya chuma, na jioni alirudi macho mekundu, mikono ina madoa ya cheche. Mama alikuwa akipika vitumbua vya asubuhi, mpaka tumbo lake lilipokuwa kubwa akashindwa kuinama kwenye jiko, akaacha. Mie ndiye wa kwanza, Rehema. Mdogo wangu Shabani alikuwa na miaka mitatu, mtoto wa kulia akiwa na njaa na kulia akishiba.

Wa rika langu mnakumbuka tulivyokuwa tukiambiwa kuhusu watoto. Wananunuliwa hospitali. Mie nililikubali hilo, ila lilinipa kazi ya kufikiri, kwa sababu nilimwona mama akinenepa upande mmoja tu, mbele, na nilitaka kujua lile tumbo linahusiana vipi na watoto wa hospitali. Siku moja nilimwuliza. Akaniambia nimalize kuosha vyombo.

Basi nikawa mtu wa kusikiliza. Chumba chetu kiligawanywa kwa pazia, sie upande huu, wazazi upande wa pili, na pazia halizuii neno. Jioni moja, Shabani ameshalala, nilimsikia mama.

"Nataka nikamwone Zuhura kabla sijajifungua."

Nilisikia kijiko cha baba kikizunguka kwenye kikombe chake cha chai kwa muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

"Barabara ya Kimbiji unaijua," alisema. "Mashimo matupu. Na hali yako hiyo."

"Miaka mitano, Baba Rehema. Miaka mitano sijamwona."

"Ukishajifungua tutakwenda."

"Nikishajifungua nitakuwa na mtoto mchanga. Halafu atakuwa anaota meno. Halafu utaniambia ana surua."

Kijiko kikaendelea kuzunguka.

Usingizi ulinikatika. Kimbiji nilijua ndiko anakoishi Bibi Mwajuma, shangazi yake baba, ambaye alikuwa akija Manzese mara moja moja na kikapu cha muhogo na samaki wa kukaanga. Sie hatukuwa tukienda kwake. Lakini Zuhura ni nani? Nilihesabu vidole gizani. Kama mama hajamwona kwa miaka mitano, basi ni mtu mkubwa kuliko Shabani. Na sauti ya mama ilipolitaja jina lile haikuwa sauti ya kumtaja shoga yake wala ndugu. Ilikuwa sauti anayotuitia sie tukiwa na homa.

Kesho yake nilimpelekea Asha habari hizo. Asha alikuwa binti wa mpangaji wa chumba cha mwisho, amenizidi mwaka mmoja, na hakukuwa na jambo asilolijua. Alinisikiliza huku akiruka kamba.

"Huyo ni dada yenu," alisema. "Mtoto mpya akija, mmoja wa zamani anapelekwa kwa bibi. Chumba hakitoshi. Alipokuja Shabani walimpeleka huyo. Sasa anakuja mwingine, mtapelekwa mmoja wenu."

"Nani?"

Akaacha kuruka, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Shabani bado mdogo," alisema.

Sikulia. Nadhani hata sikuogopa kama nilivyopaswa kuogopa, maana udadisi ulikuwa mkubwa kuliko hofu. Nina dada! Ana miaka mitano, anakaa Kimbiji, na hakuna aliyeniambia. Nilitaka kujua kama naye ana kidole kidogo cha mguu kilichopinda kama changu na cha baba. Nilitaka kujua kama anajua kusoma. Na kama ni kweli nitaachwa kule, ni vizuri tukutane kwa wema. Nilinunua pakiti mbili za ubuyu mwekundu dukani kwa Mangi, nikazificha ndani ya kiatu cha shule, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaweka ubuyu siku nne bila kuuonja.

Sijui mama alimwambia baba nini katika siku hizo nne. Najua tu kwamba Jumapili asubuhi baba alikuja na kirikuu cha tajiri wake, kile kigari kidogo wanachobebea mageti, ameshakifagia vumbi la chuma. Akatandika godoro nyuma kwa ajili yangu na Shabani. Mama akaketi mbele, mto mmoja mgongoni na mwingine chini yake.

"Mshike mdogo wako," aliniambia. "Na ukiona nimegonga kioo mara mbili, mwambie baba yako asimame. Mie nikisema ananiona nadeka."

Baba alikuwa pale pale anasikia. Akacheka kidogo, akawasha gari.

Safari nzima niliiona kwa nyuma. Niliketi nikiwa nimeegemea kibanda cha dereva, kwa hiyo kila kitu kwangu kilikuwa kinaondoka: maduka ya mitumba ya Manzese yakaondoka, magodoro yaliyopangwa kando ya barabara yakaondoka, mjini kukaondoka, na kwenye pantoni hata majengo marefu ya Posta yakaondoka taratibu juu ya maji, huku Shabani akipiga kelele kwamba nyumba zinatembea. Mama alishuka kupata hewa. Alisimama ameshika chuma cha pembeni, anakula embe bichi la chumvi na pilipili, na wanawake wawili wasiomjua wakampisha kivuli na kumwuliza miezi mingapi. "Wa nane," alisema. Nikaliweka neno hilo moyoni. Wa nane. Nilidhani ni mtoto wa nane, na nikaanza kujiuliza wengine wanne wamepelekwa wapi.

Baada ya Kigamboni lami ikaisha, tukaanza kurushwa. Baba aliendesha kama aliyebeba mayai, lakini mashimo hayana huruma. Mama aligonga kioo mara mbili tu njia nzima, mara zote ili akakojoe nyuma ya kichaka, nami nikisimama mlinzi na kanga imetandazwa. Miguu yake ilikuwa imevimba, kandambili zimeacha alama kama kamba. Aliyesimamisha gari zaidi alikuwa baba mwenyewe. Alisimama kutazama tairi. Akasimama kuongeza maji kwenye rejeta. Akasimama kibandani kunywa chai, akaagiza kikombe cha pili. Akasimama kumwuliza mzee mmoja mwenye baiskeli kama njia ya Kimbiji ndiyo hii, na mzee akamtazama kwa mshangao, maana njia ilikuwa hiyo hiyo moja, kulia pori na kushoto pori.

"Baba Rehema," mama alisema kupitia dirishani, "kwa mwendo huu nitazalia humu."

Nyumba ya Bibi Mwajuma ilikuwa ya udongo na makuti, uwanja umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Nilisema shikamoo haraka haraka, akasema marahaba na kunibana mashavu, na mie tayari macho yangu yalikuwa yanachungulia mlangoni nyuma yake. Hakuna mtoto aliyetoka. Nilizunguka nyumba. Kulikuwa na kuku, pipa la maji, na jirani upande wa pili alikuwa anachoma korosho, moshi mzito mweusi unatambaa chini. Hakukuwa na gauni dogo kwenye kamba ya nguo. Nikarudi.

"Bibi, Zuhura yuko wapi?"

Alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua hata uso. "Yuko kule nyuma, kwenye mikorosho. Wakishaswali alasiri mtakwenda kumwona."

Nani angengoja alasiri? Walipoanza kula nilitoroka na pakiti zangu. Kwenye mikorosho ya kwanza tu nikamkuta msichana wa kama miaka mitano, ameinama anaokota mabibo yaliyoanguka, mdomo umejaa utomvu. Nilimtazama masikio. Nikamtazama miguu. Vidole vyake vilikuwa vimenyooka vyote kumi.

"Wewe ndiye Zuhura?"

"Mie Pili."

"Zuhura yuko wapi?"

"Hapa hakuna Zuhura," alisema. "Nini hicho mkononi?"

Tukala pakiti moja, maana ingekuwa utovu wa adabu kutompa. Pili alinihakikishia kwamba anawajua watoto wote wa upande ule, mpaka wa kwa mwalimu, na hakuna mwenye jina hilo. Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja.

Baada ya alasiri baba alisimama, akasema, "Haya, twende." Alisema kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Bibi Mwajuma akakung'uta kanga yake, akamgeukia baba. "Salumu, mwenye mimba haingii makaburini. Toka zamani. Yeye abaki hapa, wewe kasome dua urudi."

Neno makaburini nililisikia vizuri. Nilidhani makaburi yako njiani, na Zuhura yuko mbele zaidi.

"Nitaingia, shangazi," mama alisema. Alisema kwa adabu, sauti ya chini, lakini alikuwa ameshajitanda kanga na kuvaa kandambili.

"Nimesema kwa wema wako."

"Najua, shangazi. Mtoto alizikwa mie nimelala ndani, sikuonyeshwa hata upande. Leo nitaingia."

Bibi alimtazama baba, amseme mkewe. Baba akamshika mama mkono. Nilikuwa sijawahi kuwaona wakishikana mikono nje mbele za watu, na nilitembea nyuma yao nikiitazama ile mikono njia nzima, hata nikajikwaa mara mbili. Bibi naye akafuata, amembeba Shabani, anasema peke yake.

Palikuwa mahali pa wazi nyuma ya mikorosho, hapana ukuta, makaburi yamewekewa mawe ya matumbawe kichwani. Pembeni, upande jua linakochomoza, kulikuwa na matuta madogo madogo, mafupi kama matuta ya viazi. Nilihesabu, kwa sababu nilihesabu kila kitu siku hiyo. Manane. Baba aliachia mkono wa mama akaenda mbele. Akasimama kwenye tuta la pili. Akahamia la nne. Akainama, akafagia majani kwa kiganja, akatazama jiwe, akarudi la pili. Baba yangu alikuwa mtu wa vipimo. Aliweza kuutazama mlango kwa jicho akakuambia upana wake, na akipima kwa futi anakuwa hajakosea. Sikuelewa anatafuta nini pale chini, wala kwa nini hapati.

"Zuhura yuko wapi?" niliuliza.

Bibi ndiye aliyenijibu. "Ndipo hapa alipo, mjukuu wangu. Alizaliwa nyumbani kwangu, wewe ukiwa na miaka miwili. Alikaa siku kumi na moja, Mungu akamchukua. Amelala hapa."

Nilitazama matuta. Swali likaja lenyewe, maana ndivyo nilivyoumbwa.

"Lipi?"

Baba alikuwa bado ameinama. Alijibu bila kugeuka.

"Sijui, mwanangu." Kisha akageuka, si kwangu, kwa mama. "Niliweka kijiti kichwani. Mvua ikanyesha wiki nzima. Sijui ni lipi, Mama Rehema. Sijui."

Nilimwogopea. Nilidhani mama atapiga kelele, kwa sababu mie nikipoteza hata ndala za Shabani alipiga kelele. Mama alisimama, mkono mmoja kiunoni. Halafu akaanza kukaa chini, polepole, kwa mafungu, goti moja, mkono, goti la pili, mpaka akafika mchangani akanyoosha miguu yake iliyovimba mbele ya yale matuta.

"Asalaam aleikum, wanangu," alisema. Akayatazama yote manane, moja moja, kama anayehesabu waliofika shughulini. "Njoo ukae, Salumu."

Sikuwahi kumsikia akimwita baba kwa jina lake. Baba akaja akakaa. Macho yake yalikuwa mekundu yanachuruzika, nami nikasema moyoni moshi wa korosho umemwingia, pole yake, leo hata hakuchomelea.

Nilikuwa na pakiti moja ya ubuyu imebaki. Nilifikiri sana. Kama hatujui ni lipi, basi njia ya kuwa na hakika kwamba Zuhura amepata ni kuwapa wote. Nikafungua, nikaanza kuweka punje mbili kichwani pa kila tuta.

"We mtoto!" Bibi Mwajuma akang'aka. "Wafu hawali ubuyu!"

"Mwache, shangazi," mama alisema.

Nikaendelea mpaka la nane, sikumpunja mtu. Nilipogeuka kuona kazi yangu, Shabani alikuwa ameshushwa chini naye ananifuata nyuma, tuta kwa tuta, anaokota na kutia mdomoni, mashavu mekundu mpaka masikioni. Alikuwa ameshafika la sita.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka ameshika tumbo kwa chini, akasema, "Jamani nitazaa mie, mwacheni, nitazaa," na baba akacheka huku machozi yanamtoka, na Bibi Mwajuma, aliyekuwa amekunja uso kulinda heshima ya mahali, akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Sijaona tena watu wakicheka makaburini. Kisha baba akainua mikono akasoma dua, ndefu, hakuiharakisha, nasi tukaitikia amina.

Tulirudi siku hiyo hiyo. Baba hakusimama popote mpaka pantoni. Nilipitiwa na usingizi juu ya godoro nimemkumbatia Shabani, na nilipoamka tulikuwa Manzese na hakuna aliyeachwa. Nilimwambia Asha kwamba alinidanganya. Akasema yeye alisema "labda". Wiki tano baadaye mama alijifungua salama, mtoto wa kiume, Hamisi, ambaye leo ananizidi urefu kwa kichwa kizima na kula kwake ni kwa watu wawili.

Kwa miaka mingi niliiona safari ile kama siku mama alipokwenda kumtafuta mwanawe asimpate. Nilimwonea huruma. Mwaka huu, nikiwa na mimba ya kwanza, mama alikuja kukaa nami kidogo, na mchana mmoja tunachambua mchele nikamwuliza aliwezaje kuvumilia, kusafiri vile na hali ile, halafu akaambiwa sijui.

"Mbona nilikuwa najua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hajui lilipo. Shangazi alishaniambia zamani. Siku ya arobaini baba yako alirudi kule peke yake, akazunguka mpaka magharibi, akaja nyumbani kwa shangazi akakaa barazani hasemi. Toka hapo kila nikitaja Kimbiji, mara barabara mbaya, mara kazi nyingi. Jina la mtoto nikilitaja anatoka nje. Miaka mitano, Rehema. Tunalala kitanda kimoja na mie niko peke yangu."

Aliokota jiwe kwenye mchele akalitupa.

"Sasa mama, kama ulijua, kule ulikwenda kutafuta nini?"

Alinitazama kama anavyonitazama tangu utoto nikiuliza kitu ambacho jibu lake liko mbele ya macho yangu.

"Zuhura yuko kwa Mungu, sikuwa na wasiwasi naye," alisema. "Nilikwenda kumchukua baba yako."